Injini Ambayo Haikuwahi Kufunguliwa

4 Februari

Mjukuu wangu Nukta,

Salamu zangu zikukute umeshakula, maana nakujua. Sisi huku wazima. Mama yako goti linamsumbua ila mdomo haujambo. Mjomba wako kapaka mlango wa mbele rangi ya bluu, sasa nyumba inafanana na zahanati, juzi mtu kaja kuuliza dawa ya kikohozi. Mkewe anasema rangi nzuri. Yule kila kitu kwake kizuri, ndiyo maana ndoa yao bado ipo.

Miwani yako imefika. Fundi miwani mzima, tena damu yangu, unanitumia kitu kinachobana masikio kama koleo! Nimeitia kabatini. Macho yangu mazima. Hii barua naandika bila miwani na mistari imenyooka. Ukiona imepinda, ni meza.

Sasa tuje kwenye lililonikalisha hapa. Mjomba wako ananiambia lile gari la marehemu babu yako unalikimbiza kwenye mashindano. Nikasema sawa, mzee angecheka mpaka akohoe. Lakini kaniambia tena kwamba wamekuweka daraja la nne. La nne! Mimi niliishia darasa la nne kwa sababu baba yangu alinitoa, wewe umesoma mpaka ukajua kusaga vioo, leo unakaa daraja la nne na gari la babu yako? Nani huyo aliyekupanga huko chini? Hajui kwamba lile gari injini yake haijawahi kufunguliwa tangu itoke kiwandani? Mtaa mzima huku unajua. Magari ya wenzake babu yako yalifunguliwa mpaka yakafanana na masufuria, lake hata siku moja. Waambie hivyo hivyo.

Nijibu kwa barua. Usipige simu ya mjomba wako. Ile simu wanaiweka mezani kwa sauti ya juu, maneno yangu yanaliwa na nyumba nzima pamoja na mkate.

Ni mimi Bibi yako, mke mwenzako.


19 Februari

Bibi yangu, shikamoo.

Mimi mzima na nimekula, naapa. Bado nakaa chumba kile kile juu ya duka la vitasa, asubuhi naamshwa na watu wanaojaribu funguo. Kazini kwema. Leo nimesaga lenzi kumi na nne, mbili kati ya hizo za mzee mmoja ambaye mkewe anasema kila asubuhi huliamkia koti lake mwenyewe lililotundikwa mlangoni. Yeye naye alisema macho yake mazima. Mpe mama pole ya goti. Nawe, Bibi, itoe miwani kabatini. Ikibana, chovya mikono yake kwenye maji ya moto kisha ikunjue polepole.

Daraja la Nne si la waliofeli, usinikasirikie. Klabu yetu ni ya watu wa kawaida wenye kazi zao, tunakutana Jumapili kwenye uwanja wa mbio nje ya mji. Kila mtu huja na gari alilonalo. Sasa ukiyaachia yote pamoja, mwenye injini kubwa atashinda kila wiki na sisi wengine tutakuwa tunakula vumbi lake. Kwa hiyo yanagawanywa. Kwanza wanaangalia ukubwa wa injini. Isiyozidi cc 1300 ni Daraja la Nne, isiyozidi 1600 ni la Tatu, na kuendelea. Halafu gari linapandishwa kwenye mizani, na dereva ndani. Ukiwa mwepesi kupita kiasi wanakufungia vyuma chini ya kiti mpaka utoshe. Halafu kuna pointi za ulichobadilisha. Tairi laini pointi mbili, kabureta kubwa tatu. Zikifika kumi unapandishwa daraja hata kama injini yako ni ndogo. Ukishapangwa na wenzako mnaolingana, yanabaki mambo mawili tu, mikono na moyo.

La Babu ni cc 1289 kwa mujibu wa kitabu chake. Tunapita chini ya kamba kwa kuinama kidogo. Tairi ni za kawaida, kabureta ile ile. Na kwenye fomu kuna mstari unaouliza kama injini imewahi kufunguliwa au kuchongwa, yaani silinda zake kupanuliwa. Nimeandika: "Haijawahi. Shahidi wangu ni bibi yangu, aliyekuwa na gari hili tangu siku ya kwanza." Mkaguzi alicheka, akapiga muhuri.

Bibi, nimeshinda mara mbili! Mbele ya magari tisa. Nikiwa pale naongea na usukani kama alivyokuwa akiongea Babu. Wa pili mara zote ni mwokaji mikate mmoja mwenye gari kama letu, la mwaka ule ule hata rangi, ila lake lina viti vizima.

Mjukuu wako na mke mwenzako mdogo,
Nukta


8 Machi

Nukta,

Barua imefika siku ya mvua, nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa mama yako kwa sauti. Hajambo. Goti limehamia mguu wa pili. Mlango wa bluu umeshaanza kubabuka na mimi sijasema neno. Nimekaa tu mbele yake nikiutazama.

Mizani! Ungenianzia na mizani, nisingekukaripia. Miaka thelathini na moja nimesimama kwenye mizani ya kinu, magunia yanapanda na kushuka mbele yangu, na hakuna aliyenidanganya zaidi ya mara moja. Kulikuwa na bwana mmoja, mwenye shati zuri, alitia jiwe katikati ya gunia. Mimi nikaona mshale unatua kwa uzito, gunia lenye nafaka tupu halitui hivyo. Nikalimwaga gunia lake sakafuni mbele za watu. Jiwe likabingirika. Nikamwambia lishike, na alilishika kifuani kama mtoto mpaka foleni ikaisha. Ndiyo wakaniita Bibi Mizani, na nilikuwa sijafika hata miaka thelathini.

Kwa hiyo nimekuelewa. Mnagawanywa ili anayeshinda awe ameshinda. Hilo jambo la watu wazima. Na kama unapimwa ukiwa ndani ya gari, basi kula, uache kufungiwa vyuma kama mzigo.

Mwokaji naye mwambie pole, lile gari lina mapenzi ndani yake. Mimi nilikuwa nikimwambia babu yako nimeolewa uke wenza bila kuulizwa. Alikuwa akiliosha kabla hajaoga.

Hiyo fomu lakini. Husomwa na nani? Inakaa wapi ikishapigwa muhuri? Nauliza tu. Na hukuwa na haja ya kunitia mimi kwenye mstari ule. Mtu mzima hatiwi kwenye karatasi za watu bila kuambiwa.

Vaa nguo nzito, chumba chako kina upepo.

Bibi


30 Machi

Shikamoo Bibi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na mlango umepumzishwa na macho yako. Mimi mwili mzima. Kazini tumeletewa mashine mpya ya kupimia lenzi, inasoma mpaka upana wa unywele, na mimi tu ndiye ninayeruhusiwa kuigusa kwa sababu wengine wanaiegemea.

Nimeshinda mara ya tatu, na sasa pana neno.

Mwokaji amepeleka malalamiko. Si mtu mbaya, Bibi, na hakuropoka. Kasimama mbele ya kamati na daftari. Magari yetu ndugu, uzito wetu umepishana kilo mbili, tairi zile zile. Kwenye kona ananipata. Lakini mlimani, anasema, namwacha kama vile kashuka kununua kitu. Amepima gari lake mara tatu. Amejipunguza mwili, mwokaji mzima ameacha kula mikate yake. Bado namwacha. Anataka injini yangu ifunguliwe wapime silinda. Kamati imekubali, tarehe 24 Mei.

Nilikuwa nimecheka. Halafu jana nikafungua boneti nikatazama vizuri, kwa macho ya kazini. Nati tatu kwenye kichwa cha silinda si sawa na zile nyingine. Zile nyingine zina alama ya kiwanda. Hizi hazina.

Sheria iko hivi. Nikiirekebisha fomu mwenyewe kufikia tarehe 22 Mei, gari linapandishwa daraja, ushindi wangu unafutwa, basi. Wakiikuta wao, nafungiwa miaka miwili na jina linabandikwa ubaoni kwamba nilidanganya. Hiyo klabu ndiyo watu wangu wote huku, Bibi. Jumapili ndiyo siku ninayoongea.

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyekuwepo. Babu aliwahi kuifungua? Hata mara moja, hata kwa kusafisha tu? Niambie nijue. Naweza kumpigia mjomba akupe simu ukaniambia kwa neno moja.

Nukta


17 Aprili

Nukta, mjukuu wangu,

Hatujambo. Paa limevuja juu ya kitanda changu, nikasogeza kitanda, likavuja pale nilipokisogeza. Mjomba wako kapanda juu kuziba, kashuka na nyundo na hakuziba. Kuku watatu wameacha kutaga. Mkewe anasema ni joto, mimi nasema ni ile rangi ya bluu. Mama yako kaenda kwa daktari wa magoti, kaambiwa apunguze ngazi, na nyumba yetu haina ngazi hata moja.

Miwani nimeichovya kwenye maji ya moto kama ulivyosema, mkono mmoja umekunjuka kupita kiasi. Sasa inaning'inia. Ni kosa la maji.

Huyo mwokaji mwambie akaoke. Mtu anashindwa na mtoto wa kike anakimbilia kupima silinda! Mbona hakupima siku alizomshinda huyo wa nyuma yake? Wivu huo. Na kamati nayo, watu wazima wanakaa kitako kusikiliza daftari la mtu wa unga. Ningekuwepo ningewauliza maswali mawili wakatawanyika.

Simu sitaki, nilishasema.

Kunywa maji ya uvuguvugu asubuhi, kifua chako nakijua tangu mdogo.

Bibi yako

Kuhusu hilo jingine, mzee hakuwa mwongo. Hilo ulijue.


2 Mei

Bibi, shikamoo.

Paa nimelisikia. Kuku nimewasikia. Ngazi, miwani, mwokaji, kifua, vyote nimevisikia. Nilichouliza hukujibu.

Mjomba kanipigia yeye mwenyewe, anasema huli vizuri, na kwamba umelihamisha lile pande la chuma unaloegeshea mlango wa chumba chako, hukulirudisha, mlango unagonga usiku kucha. Sikumwambia kitu.

Tarehe 22 wananipa karatasi ya pili ya kutia sahihi, ya kiapo. Nitaandika uliyoniambia tangu utotoni, kwamba injini hii haijawahi kufunguliwa, nitatia sahihi kwa heshima ya Babu. Kama nisifanye hivyo, niambie. Sitauliza tena.

Nukta


11 Mei

Nukta,

Salamu leo fupi. Wote wazima. Nimewaambia naumwa kichwa ili waniache chumbani.

Usitie sahihi.

Sasa kaa chini. Babu yako hakuwa mwongo, mwongo ni mimi. Niliandika hivyo barua iliyopita nikakata sentensi katikati, kalamu ilikataa. Leo italazimika.

Mama yako alikuwa na miaka kumi. Babu yako alikuwa akinifundisha kuendesha kwenye uwanja wa kinu, Jumamosi jioni, magunia yakishatolewa. Nilikuwa najua. Kwa jinsi nilivyojiona mimi nilikuwa najua. Yeye ananiambia, "Bibi Mizani, bado. Mikono inajua, masikio bado. Hujaisikiliza injini." Mimi kuambiwa bado! Mimi ambaye wanaume wanashika mawe yao vifuani mbele yangu!

Jumapili moja mchana kalala. Nikachukua ufunguo. Nilitaka kwenda kwa dada yangu kule ng'ambo ya kilima, anione nashuka kwenye gari peke yangu, nimevaa viatu. Basi, sikutaka zaidi ya hapo. Sikuangalia maji. Rejeta ilikuwa inavuja na yeye alikuwa akijaza kila asubuhi kwa birika, siku ile hakujaza maana hakukusudia kutoka. Nimekwenda kilometa nane hivi. Kuna taa ya kuonya, sikuiona, unajua macho yangu. Katikati ya kilima likapiga kelele ambayo sijaisikia tena, kama sufuria linavutwa kwenye saruji, likasimama. Moshi. Injini ilinoki, vyuma vimeshikana ndani kwa joto. Na mimi ndani nimeshika usukani kwa mikono miwili kama vile bado naendesha.

Alikuja kwa miguu, Nukta. Kilima chote. Nilijipanga kugombana naye, maneno nilikuwa nayo tayari, hamsini. Hakuuliza kitu. Alinitazama viatu, akasema, "Vimekupendeza." Kisha akanitoa upande wa dereva akakaa yeye, na trekta la kinu lilipokuja kutuvuta, watu wakiuliza, akasema, "Betri imenifia. Mimi na mama tulikuwa tunatembea." Mbele ya watu wote wa kinu.

Wiki tatu alijifungia na lile gari. Silinda zilikuwa zimekwaruzika, akazipeleka mbali kuchongwa, mji mwingine kabisa, ili fundi asitufahamu. Akatia pistoni kubwa zaidi. Watu wakimuuliza mbona gari kimya, anasema injini haijafunguliwa, ni betri. Alisema mara mbili tu. Mimi ndiye niliyeichukua ile kauli nikaizungusha miaka na miaka, kwa majirani, kwa mama yako, kwako ukiwa umekaa mapajani mwangu. Nimeisema mpaka nikaiamini. Na sikushika usukani tena, watu wakidhani ni heshima.

Nimemmwagia mtu gunia lake sakafuni kwa sababu ya jiwe moja. Langu nimelificha nikalipa mjukuu wangu abebe.

Ndani ya kifurushi hiki kuna lile pande la chuma la kuegeshea mlango. Ndiyo pistoni ya zamani, moja ya zile nne. Juu imepigwa namba. Alitaka kuitupa nikamkatalia, sijui kwa nini. Wapelekee. Posta yule msichana aliniuliza nini kimo ndani, nikamwambia aibu yangu. Kaandika "vyombo".

Usinijibu kwa huruma. Nitairarua.

Bibi


27 Mei

Bibi, shikamoo. Shikamoo tena.

Kifurushi kilifika tarehe 21 saa saba mchana, siku moja kabla. Nilikifungulia kazini. Nikaiweka pistoni yako chini ya ile mashine mpya, watu wote wa lenzi wakazunguka. Upana milimita sabini na tatu, kipimo cha kiwandani, kama namba inavyosema, ukitoa pale ilipokwaruzwa.

Kesho yake nikaenda klabu kabla ofisi haijafunguliwa. Ofisi yenyewe ni kontena lenye meza na feni. Mkaguzi ni mganga wa meno siku za kazi, ana mikono myepesi. Nikamwambia nataka kurekebisha fomu. Akasema, "Kwa nini leo?" Nikaiweka pistoni mezani. Akaigeuza, akanipa fomu mpya. Ule mstari nikaandika hivi:

"Injini iliungua baada ya kuendeshwa na bibi yangu kilometa nane bila maji. Ilichongwa na babu yangu, ambaye hakumwambia mtu."

Aliisoma. Akauliza, "Umejuaje?" Nikasema kaniandikia mwenyewe. Akavua miwani yake akaifuta, akasema hajawahi kupokea fomu ya namna hii, watu huandika "haijulikani".

Jumapili wakaifungua. Upana wa silinda, milimita sabini na nne. Mkaguzi akapiga hesabu kwa kalamu: cc 1325. Tumepita mpaka kwa ishirini na tano, Bibi. Nimepima nyumbani kwa maji, ni vijiko vitano vya chai. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vikimwacha mwokaji mlimani.

Vikombe vyangu vitatu nikampelekea mwokaji mkononi. Nilidhani atafurahi. Alivipanga juu ya boneti lake, akavitazama, akasema, "Dada, sikutaka ufutwe. Nilitaka kujua tu kama mimi ni dereva mbaya. Miezi mitatu nalala nikijiuliza ile kona ya mwisho naikosea wapi." Nikamwambia hukosei, ile kona unanishinda. Akageuka, akajifanya anatafuta spana. Kisha akaja kunisaidia kufunga kichwa cha silinda. Anakaza nati kama anakanda unga, kwa mzunguko, kidogo kidogo, hii na ile. Sijaona nati zimekazwa vizuri hivyo.

Sasa niko Daraja la Tatu. Wenzangu wana 1600. Jumapili ile ile jioni nilikimbia nao, nikawa wa kumi kati ya kumi na mmoja. Yule mmoja nilimpita kwenye kona ya mwisho, kwa mikono yangu, na nilipompita nilipiga kelele peke yangu ndani ya kofia.

Ulisema nisijibu kwa huruma. Nakujibu kwa hesabu: umenilipia miaka miwili. Na mzee aliposema viatu vimekupendeza nadhani alimaanisha.

Jambo moja. Mkaguzi amenakili ule mstari kwenye kitabu cha gari. Utakaa humo daima, hata gari likihamia kwa mtu mwingine. Ukitaka ufutwe nitamwomba.

Nukta, wa daraja la tatu


15 Juni

Nukta mjukuu wangu,

Hatujambo sote, na leo nasema kweli, tumekula wote meza moja na mimi nimemaliza sahani. Kuku wawili wametaga. Mama yako anacheka mpaka analishika goti. Utaona kwa nini.

Barua yako nilimpa mjomba wako aisome kwa sauti, chakula kikiwa mezani. Yote. Alipofika pale "na bibi yangu" akasita, akanitazama, nikamwambia soma, wewe si ulipaka mlango bluu bila kusita? Akasoma. Kisha mama yako akasema, "Mama! Ndiyo maana siku ile ulirudi ukivutwa na trekta, na viatu vya harusi mguuni!" Kumbe aliniona. Miaka yote hiyo aliniona na akanyamaza, mtoto wa babu yako huyo. Tukacheka mpaka mkewe mjomba akalia, akasema ni hadithi nzuri. Safari hii nimemkubalia.

Usifute. Nani kakuambia nataka kufutiwa? Kitu kilichoandikwa kwenye kitabu kikae. Ila lazima kirekebishwe, maana kama tumeanza kupima, tupime mpaka mshale utulie.

Nilikuambia kilometa nane. Zilikuwa kumi na moja. Nilimpita dada yangu. Niliona mlango wake umefungwa, nikaona nikisimama pale hakuna wa kuniona, nikaendelea mpaka sokoni nikageuza mbele za watu, ndipo nikarudi kukwama kilimani.

Na macho yangu siku ile yalikuwa mazima kuliko yako. Taa niliiona, Nukta. Nyekundu, mbele ya uso wangu, iliwaka tangu sokoni. Ilikuwa inanikera. Nikaifunika kwa leso.

Hata babu yako hilo hakulijua. Alikuta leso imeanguka chini ya kiti, akaifua, akanirudishia, akadhani nililia.

Mpelekee mganga wa meno aandike: kumi na moja, na leso. Mistari ya kitabu ikijaa, abandike karatasi. Mwezi ujao mjomba wako ananileta Jumapili moja nije nione hiyo kona ya mwisho. Miwani nimeikunja upya, haibani tena, naivaa sasa hivi. Meza imenyooka.

Na rejeta, kabla hujaondoka, iangalie. Usiniamini mimi, iangalie.

Bibi Mizani